Picha Iko Njiani

Katika Kiswahili hakuna uongo unaosamehewa upesi kama "niko njiani." Anayeusema yumo bafuni akitafuta sabuni, au ameketi kitandani kiatu kimoja mguuni na cha pili hakijulikani kilipo. Mwenyeji analijua hilo, naye msemaji anajua kwamba mwenyeji anajua, na urafiki unaendelea, kwa sababu maneno hayo hayakuwekwa kutaja mahali alipo mtu. Yamewekwa kuahidi: usifunge mlango, sijaghairi. Siku hizi uongo huu umepata mdogo wake, mtoto wa mjini aliyesoma, anaitwa "papo hapo." Utamkuta katika kila tangazo la programu ya kuonyesha picha za pamoja: wageni wa arusi wanapiga foto kwa simu zao, picha zinaruka hadi kwenye seva, na papo hapo zinatokea kwenye skrini kubwa ukumbini na kwenye simu ya kila ndugu aliye mbali. Tofauti ya hawa ndugu wawili ni kwamba "niko njiani" anajua anadanganya. "Papo hapo" hajui, na ndiyo maana akifika kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, Kasongo au Kabambare, huaibika mbele za watu. Hoja yangu ni kwamba aibu hiyo hailetwi na udhaifu wa mtandao, ingawa mtandao ndio unaolaumiwa kila mara. Inaletwa na programu ambayo haikufundishwa kusema "niko njiani."

Kuijenga programu yenyewe hakutishi. Kijana mwenye kompyuta moja na mwisho wa juma usio na mpira anaweza kuimaliza. Zamani ukurasa wa mtandao ulifanana na mtoto katika safari ndefu: kila baada ya sekunde chache unaiuliza seva, "Kuna picha mpya?" Hakuna. "Kuna picha mpya?" Hakuna. Desemba 2011 ukatolewa rasmi utaratibu uitwao WebSocket, unaoacha mlango wazi kati ya kivinjari na seva, ili picha ikiingia seva ipaze sauti yenyewe bila kuulizwa. Kijana wetu anauweka huo mlango, anaongeza kitufe cha kutuma, kazi imekwisha. Mezani kwake kila kitu kinakwenda kama maji. Simu inayotuma na skrini inayopokea ziko umbali wa mkono mmoja, zinatumia waifai moja, chaji imejaa, na mpiga picha ndiye aliyeandika programu, kwa hiyo hawezi kubonyeza pasipotakiwa. Anapiga picha ya kikombe chake cha chai, kikombe kinatokea, anashangilia. Kuanzia hapo, kila jambo ambalo meza haikuwa nalo litahesabiwa kuwa kosa la Kasongo.

Sasa ipeleke arusini. Picha moja ya simu ya siku hizi, yenye pikseli milioni 12, huwa na uzito wa megabaiti 3 au 4. Mahali ambapo rezo, yaani mtandao wa simu, ni ya kizazi cha pili na wageni mia wanaigombania, mtu akipata kilobiti 40 kwa sekunde ashukuru Mungu. Hesabu haihitaji profesa: megabaiti 4 ni kilobiti 32,000, gawa kwa 40, unapata sekunde 800, yaani dakika 13 na ushei. Katika dakika 13 za arusi bibi arusi ameingia, ameketi, amelia kidogo kama desturi inavyotaka, amenyamaza, na wali umeshagawiwa. Simuni kuna kiduara kinachozunguka, kinazunguka, kimefika asilimia 97, mwenye simu ameshika pumzi. Rezo inapotea. Ikirudi, programu inaanza upya kutoka sifuri, kama mgeni aliyejikwaa kizingitini akaambiwa arudi kwao aanze safari tena. Na kila mwanzo mpya unakula mega. Kongo intaneti huhesabiwa kwa mega, zinanunuliwa kidogokidogo kama mafuta ya mawese ya kupimiwa, na programu iliyommalizia mtu mega zake zote kwa picha ya keki moja imemwibia, hata kama ilifanya hivyo kwa tabasamu. Lakini skrini ya ukumbini haina haja ya pikseli milioni 12. Projekta ya kawaida ikionyesha milioni moja imejitahidi. Picha ikipunguzwa ndani ya simu kabla ya kuondoka, ikawa na kilobaiti 200, safari ileile inachukua sekunde 40. Dakika 13 zimekuwa sekunde 40, na hakuna mnara hata mmoja ulioongezwa Maniema.

Ushahidi wa pili uko kwenye kidole gumba. Binadamu akibonyeza "Tuma" asione kitu, habonyezi mara moja akasubiri. Anabonyeza kama anayeita mhudumu aliyegeuka mgongo. Mara nane ni kiasi cha mtu mpole. Programu ya mezani inapokea mibonyezo minane kama picha nane, inazipanga mstari, na rezo inapopata nafuu zote zinafika kwa mkupuo. Ndipo ukumbi mzima unamwona baba mdogo akitafuna paja la kuku mara nane mfululizo, ukutani, kwa ukubwa wa nyumba, huku bibi arusi akiwa hajaonekana hata mara moja. Wageni wataangua kicheko na kusema rezo imeharibika. Rezo haikuharibika, rezo imebeba ilichopewa. Kinachokosekana ni akili ambayo kila arusi ya Kasongo inayo tayari, nayo imeketi mlangoni na kalamu: mtu wa daftari la michango. Jaribu kumwambia kuwa umetoa mbuzi wanane wakati yeye ameandika mmoja. Programu nayo inaweza kuwa na daftari. Kila picha ikokotolewe alama yake, mfano wa alama ya kidole, na picha yenye alama iliyokwisha kuandikwa ipokewe kwa adabu bila kuonyeshwa tena. Mgeni abonyeze hata mara mia; paja la kuku litabaki moja.

Kuhusu saa, hapo ndipo mjenzi wa mezani anapokutana na falsafa. Kongo ina majira mawili: Kinshasa iko saa moja mbele ya majira ya dunia, Maniema na mashariki yote saa mbili. Mjomba aliyeshuka kutoka Kinshasa, ambaye simu yake bado inashikilia saa ya Kinshasa kama anavyoshikilia Kilingala chake, akipiga picha ya kukata keki, picha hiyo itajipanga kabla ya bibi arusi kuingia. Data zinazofichwa ndani ya picha ya simu huandika saa, lakini hadi mwaka 2016 kanuni zake hazikuwa hata na nafasi ya kuandika saa hiyo ni ya wapi. Ongeza shangazi anayehesabu saa kwa Kiswahili, ambaye saa mbili yake ya asubuhi ni saa nane ya simu, na ambaye aliirekebisha simu kwa mkono wake ili ifuate ukweli. Kisha ongeza simu iliyozimika chaji kwa siku nyingi ikasahau tarehe. Simu ya namna hiyo mara nyingi huamka ikidhani ni Januari 1, 1970, siku ambayo kompyuta nyingi huanza kuhesabu wakati. Programu inayopanga picha kwa saa za simu itaifungua arusi kwa picha za mwaka 1970, maarusi wamekwisha kuoana kabla wazazi wao hawajakutana, na kabla nchi yenyewe haijabadili jina kuwa Zaire. Dawa yake ni ya kizamani: seva iandike saa ya kupokea, iilinganishe na saa ambayo simu inadai, na tofauti ikizidi akili za kawaida, imwulize mwenye simu. Karani yeyote wa parokia hufanya hivyo akiletewa tarehe ya kuzaliwa inayotia shaka.

Lakini aibu kubwa kuliko zote hailetwi na picha iliyochelewa, wala iliyorudiwa, wala iliyokosea mwaka. Inaletwa na skrini inayotabasamu baada ya kufa. Ule mlango wazi wa WebSocket una tabia mbaya moja: ukikatika katikati, bila upande wowote kuaga, kila upande unaweza kuendelea kuamini kwamba mwenzake yupo. Ukumbini jenereta inanguruma, projekta inawaka, picha ya mwisho imeganda ukutani: watoto watatu na chupa za soda. Dakika arobaini zinapita. Watu wanaendelea kutuma, wanaendelea kutazama, watoto watatu wanaendelea kunywa soda isiyopungua. Hakuna anayejua kama hakuna picha mpya au hakuna rezo, kwa sababu skrini haisemi. Kisha petroli inakwisha, mtu anakwenda kutafuta nyingine, umeme unarudi, na ukurasa unaofunguka upya ni mweupe, umesahau hata soda. Lugha yetu ina dawa ya jambo hili, ni ya tangu zamani, inaitwa hodi. Mtu hapigi hodi mara moja tu akaamini mwenye nyumba yupo milele. Programu ipige hodi kwa seva kila nusu dakika. Ikikosa "karibu" mara tatu, iondoke mlangoni kwa heshima na iandike ukutani kwa herufi zinazosomeka: mtandao umekatika tangu saa nane na robo, picha mlizotuma zimehifadhiwa simuni mwenu. Wageni watarudi kwenye wali wao kwa amani. Mtu huvumilia kuchelewa. Asichovumilia ni kufanywa mjinga.

Maniema inajua habari za kuchelewa kuliko watengenezaji wa programu wote. Mwaka 1871 msafiri David Livingstone alikuwa amekwama huku, kwanza Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, kisha Nyangwe kwenye ukingo wa Lualaba. Karatasi zikamwishia, wino ukamwishia. Akachukua kurasa za gazeti la The Standard la London akaandika shajara juu ya maandishi ya chapa, kwa wino wa zingifuri, mbegu za kutilia nguo rangi. Kurasa zilifika Uingereza, lakini wino ulikuwa umefifia na chapa ya gazeti ikauzidi nguvu. Ni mwaka 2011, baada ya wataalamu kuzipiga picha kwa miali ya rangi mbalimbali, ambapo shajara hiyo ilisomeka kwa kiasi cha kutosha na kutolewa kwa wote. Miaka 140. Kiduara kilizunguka miaka 140, na mwaka kilipomaliza ndio uleule ambao WebSocket ilitolewa. Lakini shajara ilipofika ilikuwa bado na thamani, maana ndani yake mlikuwa na ushahidi ulioandikwa siku zilezile za mauaji ya sokoni Nyangwe, Julai 1871, na nakala safi aliyoiandika baadaye katika daftari lake kubwa haikuwa sawa nao kila mahali. Kicheko kinyamaze hapo kwa dakika moja, kwa heshima ya waliouawa. Somo linabaki: kilichoihifadhi habari ile hakikuwa mwendo. Ni kwamba iliandikwa hapohapo ilipotokea, kwa chochote kilichopatikana, na haikutupwa kwa sababu tu safari imekuwa ndefu.

Anayedhani hiyo ni bahati ya mzungu mmoja na aufuate mto. Lualaba ukishuka na kugeuka Kongo, jirani na Kisangani, unapita Yakusu, ambako mmisionari Mwingereza John Carrington alijifunza lugha ya ngoma za Walokele na kuiandikia kitabu mwaka 1949. Ngoma hubeba mpando na mshuko wa sauti tu, haibebi konsonanti wala vokali, kwa hiyo maneno mengi yangelia sawasawa, na kuku angechanganywa na mwezi. Kwa sababu hiyo mpiga ngoma halipigi neno peke yake. Huliambatanisha na mkia wa maneno mengine yaliyozoeleka, ili msikilizaji wa ng'ambo, hata upepo ukila nusu ya ujumbe, ajue ni mwezi unaotajwa na asichinje kuku. Hiyo ndiyo iliyokuwa "papo hapo" ya kwanza ya Kongo, na ilikuwa ndefu kwa makusudi. Mpiga ngoma alikubali kutumia pumzi nyingi ili afike. Wahandisi wa simu wa karne iliyopita walipoanza kuongeza alama za ziada katika ujumbe ili makosa ya njiani yasahihishike, walikuwa wanafuata kanuni ambayo mpiga ngoma wa Yakusu hakuhitaji kuambiwa.

Wapo watakaosema: maneno yote haya ya nini, wakati WhatsApp ipo? Kila ukoo una kundi lake, picha zinatumwa humo, na bibi aliye Kabambare anaziona bila projekta wala kijana wa kompyuta. Nakubali, na ninawashukuru kwa kunipa shahidi. Itazameni WhatsApp inavyofanya kazi. Ukituma picha pasipo na rezo, inaweka alama ya saa ndogo: bado. Ikifika kwenye seva, inaweka tiki moja. Ikifika kwenye simu ya mwenzako, tiki mbili. Na tangu mwaka 2014 akiifungua, tiki zinageuka buluu na ugomvi wa ndoa unaanza. Kabla ya kutuma inaipunguza picha yenyewe, na rezo ikirudi usiku wa manane inaendelea na kazi bila kuamshwa. Skrini yake haiahidi papo hapo. Inaonyesha tu mzigo uko wapi. Imependwa kwa sababu inasema "niko njiani" kwa uaminifu kuliko binadamu. Kilichobaki ambacho kundi la ukoo halifanyi vizuri ni kukusanya picha za wageni wasiofahamiana mahali pamoja, bila namba za simu za kina dada kusambaa ukumbi mzima na bila picha za arusi kuzikwa chini ya salamu za Ijumaa na mahubiri ya Jumapili. Hiyo ni kazi halali ya programu mpya, ilimradi iende shule kwa mkubwa wake kwanza.

Pingamizi la pili ni la wenye matumaini: subirini kidogo, mtandao mzuri unakuja, na ukija haya yote yatakuwa hadithi za wazee. Kweli, unakuja. Mei 2025 Kongo iliipa leseni Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, na setilaiti zake huzunguka kama kilomita mia tano juu yetu, wakati zile za zamani zinakaa kilomita 35,786, umbali ambao swali na jibu lake huhitaji karibu nusu sekunde hata mwanga ukikimbia kwa nguvu zake zote. Lakini mtandao mzuri haufuti umati. Uwanja wa mpira wa London wenye watu elfu sitini, kila mmoja akituma bao lilelile kwa wakati mmoja, hugeuka Kabambare kwa dakika kumi. Mtandao mzuri haufuti pia mkono wa binadamu: tarehe 31 Desemba 2018, siku iliyofuata uchaguzi, intaneti ilizimwa Kongo nzima, Kinshasa yenye minara yake na Kasongo yenye yake, ikarudishwa karibu siku 20 baadaye. Siku hizo hakuna mji uliokuwa mbele. Programu iliyozoea kusubiri ilisubiri. Iliyojengwa kwa ajili ya meza ilionyesha ukurasa mweupe. Anayejenga kwa kuwazia barabara ya Kabambare wakati wa masika hatashangazwa na barabara yoyote nyingine, lakini anayejenga kwa kuwazia lami atashangazwa na tope la kwanza.

Pingamizi la tatu ni zito na halifai kujibiwa kwa mzaha. Watu wa huku wana shida za barabara, za umeme, za usalama. Kijana yuko machimboni Salamabila, dada yake amekimbilia Kindu, na wewe unazungumzia picha za keki? Ndiyo, nazungumzia keki, kwa sababu mbili. Kwanza, ni shida hizohizo zilizoutawanya ukoo hadi arusi ya Kasongo ikawa na wageni nusu, na nusu nyingine iko Kabambare, Bukavu na Lubumbashi ikisubiri kuona. Ambaye barabara imemnyima kuja ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuiona sura ya bibi arusi. Pili, njia inayobeba picha ya keki bila kuipoteza ndiyo ileile inayoweza kubeba picha ya daraja lililobebwa na maji, ili dereva asilijue akiwa juu yake, au picha ya upele wa mtoto kutoka kituo cha afya hadi kwa daktari wa mjini. Ni heri programu ijifunzie aibu zake kwenye paja la kuku kuliko kwenye upele wa mtoto.

La mwisho ni la mjenzi mwenyewe, amekasirika kidogo: ukipunguza, ukahifadhi, ukasubiri, ukathibitisha, hiyo siyo tena papo hapo, hilo ni sanduku la posta. Namjibu kwa kumwonyesha tukio ambalo kila mjenzi wa meza hulifikia siku moja. Rezo, kwa muujiza, ni nzuri. Mgeni mmoja, badala ya kuchagua picha moja, amebonyeza "chagua zote." Papo hapo, kama ilivyoahidiwa, ukuta unaonyesha maarusi wakicheka, kisha sinia la wali, kisha cheti cha dawa cha mgeni huyo, kisha picha ya ujumbe wa mtu anayemdai franka zake tangu Ramadhani, naye mdai ameketi meza ya pili akisoma pamoja na wengine. Hapo mtandao haukulegea hata sekunde. Kilichokosekana ni mshenga. Watu wetu hawampeleki kijana moja kwa moja kwa baba wa binti, hata kama nyumba zinatazamana; wanamweka mtu katikati, kwa sababu baadhi ya mambo huharibika yakifika upesi mno. Picha nayo ipite kwa mshenga, mama mmoja mwenye busara na simu mkononi, akiguse kila kinachokwenda ukutani: hii ndiyo, hii ndiyo, hii hapana jamani. Kwa hiyo hata pale ambapo kasi inapatikana bure, tutainunua subira kwa hiari yetu.

Tulichokuwa tunakitaka tangu mwanzo si mwendo. Aliye mbali anataka ahesabiwe kuwa alikuwepo, na kuwepo hakupimwi kwa sekunde peke yake. Matangani, anayefika baada ya wiki mbili kwa sababu pikipiki ilikwama haambiwi kwamba msiba umekwisha. Anapofika kilio kinaanza upya kwa ajili yake, na waliokwisha kunyamaza wanalia naye. Arusini, mgeni aliyezuiwa na mvua anakuta jikoni sahani yake imefunikwa kwa sahani nyingine. Wali umepoa, mchuzi umeganda pembeni, lakini ni chakula cha arusi ileile, kilipakuliwa saa ileile, na jina lake lilikumbukwa. Programu inayoitunza picha simuni mpaka rezo irudi, ikaipeleka mara moja tu, ikaandika kweli ilipigwa lini na imefika lini, imefunika sahani. Isiyofanya hivyo itahamwa, kama mji wa zamani wa Kasongo uliobaki na jina la Tongoni, na mwanaakiolojia wa baadaye ataikuta na kujiuliza palikuwa na biashara gani hapa.

Kwa hiyo mwacheni bibi wa Kabambare apate picha yake Jumanne. Juu yake imeandikwa: imepigwa Jumamosi, saa tisa alasiri, imefika leo, saa moja asubuhi. Anavaa miwani. Anaikuza kwa vidole viwili, anaipita sura ya bwana arusi, anaipita sura ya bibi arusi, anasimama kwenye sinia lililoshikwa na mtu nyuma yao, analitazama sana, kwa kuwa Jumapili alipigiwa simu akaambiwa arusi ilikuwa ya kawaida tu, sombe na samaki.

"Ee!" anasema. "Kumbe mulichinja mbuzi."